Ardhi Iliyokopeshwa na Ziwa: Habari za Chama cha Ukingo wa Naivasha

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo moja ambalo kila mtu akaaye karibu na ziwa, mto au bonde la majimaji hana budi kulijua. Jambo lenyewe ni hili: maji ya ziwa yakirudi nyuma, na nchi kavu ikaonekana mahali palipokuwa na maji, nchi ile ni ya nani?

Sisi tunaofundisha walimu tuna desturi ya kuwatoa wanafunzi wetu darasani mara kwa mara, wakajionee nchi yao kwa macho. Safari moja tulifika ukingoni mwa bonde lililopungukiwa na maji, tukawakuta jirani wawili wakigombania kipande cha shamba la maharagwe. Wa kwanza alisema, "Kibanja changu chashuka hata majini. Maji yakishuka, nami nashuka nayo." Wa pili akajibu, "Mpaka wa kibanja chako ni mlamula aliopanda babu yako. Hapa chini palikuwa maji matupu, nami ndimi niliyepalima kwanza." Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akawaambia, "Wanangu, mwagombania mali ya mtu aliyetoka kidogo tu. Mwenyewe atarudi."

Neno la mzee yule lilitukaa moyoni. Twajua kwamba swali lile lile liliulizwa yapata miaka mia iliyopita katika nchi ya Kenya, kwenye ziwa Naivasha, na watu wa huko wakaunda chama ili kulijibu. Habari za chama kile zina mafundisho kwetu, mema na mabaya.

Kwanza yafaa tulijue ziwa lenyewe. Naivasha liko katika Bonde la Ufa, juu sana kutoka usawa wa bahari. Jina lake latokana na neno la Kimaasai, Enaiposha, maana yake maji yanayochafuka kwa mawimbi. Jirani zake, kama Elementeita, Nakuru na Magadi, ni maziwa ya magadi, lakini maji ya Naivasha yanyweka. Mto ulio mkubwa kuliko yote unaoingia humo ni Malewa, utokao katika milima ya Nyandarua. Hakuna mto uonekanao ukitoka ziwani. Maji mengine hupanda hewani kwa jua, na mengine hupenya chini ya ardhi.

Ziwa la namna hii halikai mahali pamoja. Mvua zikiwa nyingi, hujaa, zikiadimika, hupungua. Tena pwani yake imelala, haikusimama. Chukua sufuria na sinia, uvitie maji, kisha ukainamishe sinia kidogo. Ukiteka kikombe kimoja katika sufuria, ukingo wa maji hausogei sana. Ukiteka kikombe kile kile katika sinia, maji yatakimbia upande mmoja na kuacha sehemu kubwa kavu. Ndivyo ilivyo Naivasha: maji yakishuka futi chache tu, mashamba mazima hutokea.

Sasa tuje kwa watu. Zamani Wamaasai ndio waliolisha na kunywesha ng'ombe zao huko. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na viongozi wao, Wamaasai wakahamishwa kutoka sehemu hizo za Bonde la Ufa, na walowezi wa Kizungu wakapewa mashamba. Hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi, kwani chama tutakachokieleza kilijengwa juu ya msingi huo. Waliokiunda walikuwa watu wenye hati, na wale waliokuwa na desturi ya kunywesha hapo tangu kale hawakuwa na hati.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ziwa lilikuwa limejaa. Baadaye likaanza kurudi nyuma mwaka hata mwaka, likaendelea kupungua hata miaka ya 1940. Kati ya mpaka wa mashamba na maji ikatokea nchi mpya, nyeusi na yenye rutuba. Kila mwenye shamba aliitazama kwa tamaa, na kila mmoja alimwogopa jirani yake. Wengine walikuwa na mipaka iliyokingama, hata ukiirefusha kuelekea majini ilikatana na ya wenzao. Basi yapata mwaka 1930 wenye mashamba wakaunda chama, wakakiita Chama cha Wenye Ardhi ya Ukingo wa Ziwa Naivasha.

Mwaka 1933 serikali ilipatana na chama hicho juu ya nchi ile mpya. Mpaka uliwekwa kwa kipimo cha kimo: futi 6,210 juu ya usawa wa bahari. Nchi yote iliyo chini ya kimo hicho, hata kufika majini, ilihesabiwa kuwa ukingo wa ziwa. Haikufanywa kuwa milki ya wenye mashamba, bali walipewa waitunze na kuitumia. Waliweza kulima na kulisha mifugo, lakini wasijenge juu yake jengo la kudumu. Ziwa likirudi, lichukue nchi yake bila ya mtu kudai fidia ya nyumba.

Twaomba wanafunzi waliangalie shauri hili kwa makini, kwa maana lina akili. Ukingo wa maji husogea kila mwaka, wala hauwezi kuwa mpaka. Lakini kimo hakisogei. Mtu mwenye kipimo aweza kukitafuta leo, na mjukuu wake akakikuta pale pale. Kwa kuweka alama isiyotembea juu ya kitu kinachotembea, waliweza kukaa bila ugomvi mwingi. Maana ya mapatano yale ni neno la yule mzee wetu: nchi ile ni mkopo wa ziwa, nalo ndilo lenye kuidai.

Kazi za chama zikaongezeka kadiri nchi ilivyobadilika. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya maua, ambayo hunyunyizwa maji ya ziwa na mauzo yake hupelekwa Ulaya. Yakaja na makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wakajenga mitaa. Huko Olkaria, kusini ya ziwa, mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Gugu-maji likaonekana ziwani mwaka 1988. Mafunjo yalikatwa ili kupata mashamba, na kazi yake ni kubwa: huzuia tope na mbolea isiingie majini, kama chujio lizuiavyo masimbi yasiingie katika kinywaji. Yakiondolewa, kila mvua huosha udongo na kuumwaga ziwani.

Wenye mashamba wakatambua ya kuwa haitoshi kulinda mpaka wa jirani na jirani, na hali maji yenyewe yanaharibika. Katika miaka ya 1990 chama kikaacha neno "Wenye" katika jina lake, kikafungua mlango kwa watu wengine wenye shughuli na ziwa. Mwaka 1995 serikali ya Kenya ililiandikisha Naivasha katika orodha ya ardhi oevu zenye sifa duniani, kwa mkataba uitwao Ramsar. Mwaka 1996 chama kilitunga mpango wa kulitunza ziwa, na mwaka 1999 kikapewa tuzo na wenye mkataba huo. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa muda wa mwaka mzima ili samaki waongezeke.

Hata hapo habari yetu ni njema. Lakini mwaka 2004 serikali ilipoutangaza mpango wa ziwa kuwa na nguvu ya sheria, baadhi ya watu waliojiona wameachwa nje walikwenda mahakamani, na utekelezaji ukasimamishwa. Mpango ulikuwa na maarifa mengi, hata ukasifiwa ng'ambo. Kasoro yake ilikuwa upande wa watu. Mfugaji aliyetafuta njia ya kupitisha ng'ombe kati ya nyua mbili, na mvuvi asiye na shamba ila mtumbwi, hao nao huishi kwa ziwa. Kama hawakuketi tangu mwanzo mahali shauri linapofanywa, hawataliita shauri lao. Ndiyo sababu sheria ya maji ya Kenya ya mwaka 2002 ilitoa nafasi kwa jumuiya za watumia maji, na huko Naivasha ikaundwa moja, isihesabu wenye ardhi peke yao.

Mwisho wa mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa mno, na Februari 2010 samaki wengi wakaonekana wakielea wamekufa. Watu wengine walidhani ziwa linakwisha, nao wakazidi kusogea chini. Kisha mvua zikageuka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, likaingia katika mtaa wa Kihoto, na watu wakahama nyumba zao, wengine kwa mashua. Waliokuwa na fedha walikwenda mahali pengine. Waliokuwa wamepanga chumba kimoja kwa bei nafuu, wasijue habari ya kimo wala ya mapatano ya mwaka 1933, ndio walioumia zaidi. Mwenye mali alikuwa amerudi, na waliomkuta nyumbani hawakuwa wale walioandika mkataba.

Labda msikilizaji atasema, "Hayo ni mambo ya Kenya, na ya watu wenye mashamba makubwa. Yatuhusu nini sisi wa vibanja?" Tumjibu hivi. Ziwa Victoria nalo lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na katika Mei 2020 lilifika kimo kile tena na kukipita kidogo. Watu wa pwani yake katika mkoa wetu wa Kagera hawahitaji kuhadithiwa. Na kwetu Karagwe na Kyerwa tuna ziwa Rwakajunju, tuna mto Kagera utenganishao nchi yetu na jirani, na tuna mabonde mengi ambayo wakati wa kiangazi hulimwa nyanya, kabichi na maharagwe. Burigi tangu mwaka 2019 limo katika hifadhi ya taifa, na hilo lina wenye kulitunza. Lakini mabonde yetu madogo yanatungoja sisi wenyewe.

Sheria ya Tanzania ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, ambazo ndani yake hairuhusiwi kufanya kazi za kudumu wala kazi ziwezazo kuharibu ukingo. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Tena sheria ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji yaruhusu watumia maji kuunda jumuiya yao. Basi mlango u wazi, imebaki kuingia. Na kwa watakaoingia, twaona mambo matatu yafaa kuchukuliwa kutoka Naivasha.

La kwanza ni alama. Chagueni alama isiyotembea: jiwe, au mti wa mpaka uliopandwa mahali ambapo wazee wanakumbuka maji yalifika. Waulizeni wazee hao upesi, kwa kuwa kumbukumbu yao ndiyo kipimo chetu, na wanapokwenda huenda nayo.

La pili ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mapatano ya mwaka 1933 yangali yakitajwa leo kwa sababu yaliandikwa. Mapatano ya mdomo baina ya jirani wawili hayavuki kaburi. Kila kijiji kina mwanafunzi ajuaye kuandika. Apewe kazi hiyo, na maneno yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji. Na mgeni anapokuja kununua au kupanga karibu na maji, asomewe kabla hajatoa fedha yake.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuhesabu watu wote wanywao. Msiwaite wenye vibanja vya ukingoni peke yao. Mwiteni mfugaji, mvuvi, mama achotaye maji kwa dumu, na yule kijana aliyekodi kipande cha bonde kwa msimu mmoja. Chama cha wenye ardhi kilipata akili ya kuweka mpaka, lakini kilichelewa kuwahesabu watu, na uchelewaji ule kikaulipia mahakamani.

Jirani zetu wale wawili tuliwaacha bado wakisemezana. Tuliporudi msimu wa mvua uliofuata, lile shamba la maharagwe lilikuwa chini ya maji, na bata wawili walikuwa wakiogelea juu yake. Mlamula wa babu ulikuwa umesimama pale pale, maji yakiwa hatua chache tu kutoka shinani pake. Wanafunzi wetu walicheka. Sisi tuliwaambia waandike katika madaftari yao tarehe ya siku ile, na idadi ya hatua kutoka mti hata maji.

Kwaherini, hata mazungumzo yajayo.