Ndoto mbaya si ushahidi: namna ya kusikiliza ndoto za usiku baada ya vita

Katika miji na vijiji vya mashariki mwa Kongo, watu wanaamka na ndoto zao na wanazipeleka mahali fulani. Mmoja anamwambia mama mkwe wake wakiwa wanawasha makala. Mwingine anapita kwenye chumba cha maombi asubuhi na mapema, mbele ya kwenda sokoni. Mwingine anabeba kuku kwa mganga wa kienyeji. Na wengine hawamwambii mtu. Wanaogopa tu kulala tena.

Si ajabu. Tangu vita vya 1996 na 1998, kisha mauaji ya Beni yaliyoanza 2014, machafuko ya Ituri, mpaka kuanguka kwa Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, kuko familia ambazo zimekimbia mara tatu, mara nne. Mwili unafika kambini, roho inabaki njiani. Usiku ndipo inarudi kutafuta.

Swali ambalo watu wanauliza ni moja: ndoto hii inasema nini? Ni swali zuri. Lakini jibu linategemea sana ni ndoto ya namna gani, na ni nani anayelijibu. Hapo ndipo watu wengine wanapona, na wengine wanaumizwa mara ya pili.

Marehemu anapokuja mlangoni

Tuseme mama mmoja alikimbia Masisi, akapotezana na yaya yake njiani. Baadaye akaambiwa yaya amekufa. Hakuona maiti, hakuona kaburi. Miezi inapita, na usiku mmoja yaya anakuja katika ndoto. Amesimama mlangoni, analalamika baridi, anaomba kitenge.

Wazee wataisoma ndoto hiyo bila kusita: marehemu hajatulia, kuko jambo halijafanyika. Na kusema kweli, tafsiri hiyo ina akili yake. Kwa desturi, kifo kina kazi zake. Watu wanakuja kukaa kwenye matanga, wanalala nje karibu na moto, wanaimba, wanapika, wanagombana kidogo juu ya michango, kisha siku inafika ya kumaliza kilio na kila mtu anarudi kwake. Vita vinakata hayo yote. Mtu anakufa siku ya tatu, siku ya nne familia iko tayari barabarani na magodoro kichwani. Kilio kinabaki mkononi kama kazi ambayo haikumalizika.

Ndoto ya namna hiyo inarudisha kazi ile mezani. Ndiyo maana familia nyingi zinapata nafuu zikiifuata: zinaomba misa kwa ajili ya marehemu, au zinakusanya ndugu waliobaki siku moja, zinasema jina lake kwa sauti, zinasimulia alivyokuwa, zinampa mama mjane kitenge kipya badala ya kile marehemu alichoomba. Hata bila mwili wa kuzika, kuko cha kufanya. Wanaohudumia wafiwa katika nchi nyingi wameona jambo hilohilo: kumwota marehemu ni kawaida sana, si dalili ya wazimu, na mara nyingi ndoto hizo zinatuliza. Kidogo kidogo zinabadilika pia. Marehemu aliyekuwa analia anaonekana mwaka mwingine amekaa, anakula, au anapita tu na kusalimia.

Shida inaanza pale ndoto inapopewa bei. Mbuzi wa kwanza, kisha mbuzi wa pili kwa sababu wa kwanza "hakukubaliwa", kisha dola. Familia iliyokimbia bila kitu haina hata mbuzi wa kwanza. Mtu anayeuza tafsiri kwa namna hiyo anafanya biashara juu ya kilio.

Jinamizi la vita ni kitu kingine

Kuko ndoto ambayo haibadiliki. Mlango uleule, buti zilezile, sauti ileile, na inakatika palepale. Mtu anaamka amelowa jasho, moyo unapiga mbio. Mchana, mlango wa bati ukigongwa na upepo, anaruka. Anaepuka njia fulani, anakasirikia watoto bure, anakaa macho mpaka saa tisa za usiku kwa kuogopa kulala. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja, wanganga wa hopitali wana jina lake na wana matunzo yake. Hiyo si ujumbe unaosubiri mtafsiri. Ni kidonda cha kumbukumbu ambacho hakijafunga.

Namna usingizi unavyofanya kazi inasaidia kuelewa. Mwaka 1953, wachunguzi wawili wa chuo kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, waliandika kwamba kuko saa za usiku ambapo macho ya mtu aliyelala yanatembea haraka chini ya kope. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi anasimulia ndoto. Vipindi hivyo vinarudi karibu kila saa moja na nusu, na vinakuwa virefu kuelekea asubuhi. Ndiyo sababu ndoto za alfajiri ndizo watu wanazikumbuka zaidi.

Katika vipindi hivyo ubongo unafunga misuli ya mwili, ili mtu asitende kile anachoota. Mara nyingine akili inaamka mbele ya misuli kufunguliwa. Mtu anafungua macho, anaona chumba, lakini hawezi kuinua hata kidole, na anasikia kama kuko mtu amemkalia kifua. Wengi hapa wanasema: "Nimekabwa usiku." Jirani mzee anaanza kutazamwa vibaya. Lakini hali hiyo inajulikana katika mataifa mengi sana, inapita yenyewe kwa muda mfupi, na inawapata zaidi watu wasiolala vya kutosha, ni kusema wakimbizi hasa.

Kuna sababu nyingine ndogo zisizohitaji mtu wa kulaumu. Homa kali inaleta ndoto za ajabu. Dawa fulani vilevile, kama mefloquine ya malaria, au efavirenz ambayo wagonjwa wengi wa virusi vya ukimwi waliimeza kwa miaka. Na anayekunywa lotoko kila jioni ili "asiote" anapoacha ghafula, ndoto zinarudi kwa nguvu zaidi.

"Huyo ni mume wa usiku"

Hapa kuna jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Mwanamke aliyebakwa anaota kwamba yule mwanaume amerudi. Anamwambia mtu wa maombi. Anajibiwa: "Mama, huyo ni mume wa usiku, roho imekuoa." Anawekwa kwenye maombi ya ukombozi, anafunga bila kula wala kunywa, anakesha usiku mingi. Mume wake wa ndoa akisikia, anatoka nyumbani.

Jibu hilo linageuza kosa la mwanaume mwenye silaha kuwa ndoa ya mwanamke. Na kukesha kunaharibu zaidi, kwa maana mwili ulionyimwa usingizi unaota kwa nguvu ukipata nafasi ya kulala. Wachungaji na mapadri wengi wanajua hilo na wanasali na mgonjwa kisha wanamsindikiza hopitali. Hao wanastahili kusikilizwa kuliko wale wenye mikrofoni kubwa.

Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto anasema asubuhi: "Niliota tate ananipa nyama." Nyumba nzima inanyamaza. Kwa imani ya wengi, nyama ya usiku ni nyama ya uchawi, na kama kulikuwa na kifo au ugonjwa mwaka huo, mtoto tayari ameshitakiwa. Au mtoto anapiga kelele usiku, macho wazi, hamtambui mama, na asubuhi hakumbuki kitu. Hofu hiyo ya usingizini inajulikana kwa watoto, inakuja sanasana saa za kwanza za usiku, na kwa kawaida inaisha wakikua. Inafaa kumlinda asianguke, kuongea naye polepole, na kumwacha alale. Kumhoji asubuhi alikuwa wapi na nani, hapana.

Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayolinda watoto, iko wazi katika kipengele chake cha 160: anayemshitaki mtoto kuwa mchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipishwa faini. Sheria haisemi "isipokuwa ameota."

Kubadilisha mwisho wa ndoto

Kuko matunzo ya jinamizi ambayo hayaombi mashine wala dawa ya bei. Barry Krakow na wenzake waliyajaribu kule New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliokuwa wamebakwa, na matokeo yakatangazwa 2001. Mtu anachagua ndoto moja inayomsumbua, na kwa mwanzo asichukue ile nzito kuliko zote. Mchana, akiwa macho, anaibadilisha namna anavyotaka. Mlango unaweza kuwa wa chuma. Marehemu baba anaweza kuingia. Mto unaweza kuvukika. Kisha anaipitia ile ndoto mpya katika mawazo, dakika chache kila siku, kwa majuma kadhaa. Waliofanya hivyo walipunguza majinamizi na wakalala vizuri kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Jambo moja la njia hiyo linafaa kuangaliwa: mgonjwa halazimishwi kusimulia ubaya wote mbele ya watu. Anafanyia kazi ndoto mpya, si ile ya zamani. Kwa mama ambaye hataki mtaa ujue, hilo ni jambo kubwa.

Na hapa kwetu? Uchunguzi uliotangazwa 2013 ulifuata wanawake 405 katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, wote walikuwa wamepitia au kushuhudia ubakaji. Wengine walipata msaada wa mtu kwa mtu, wengine walikaa katika vikundi na kufundishwa kuchambua mawazo yanayowafunga, kama lile la "ni kosa langu". Waliowaongoza hawakuwa maprofesa, walikuwa wasaidizi wa Kikongo waliopewa mafunzo. Miezi sita baadaye, katika vikundi vile waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa 100. Upande mwingine walikuwa 42 kwa 100. Kwa dalili za kiwewe, ambamo jinamizi limo, matokeo yalifanana na hayo. Wengi wao hawakujua kusoma, na mazoezi yalirekebishwa ili wayashike kichwani.

Imani inasema nini

Kuna wanaoogopa kwamba kwenda kwa mtu wa saikolojia ni kumkana Mungu. Vitabu vyenyewe havisemi hivyo. Katika Biblia, Yusufu anaota na kutafsiri, Danieli vilevile, na Yusufu wa Nazareti anaambiwa katika ndoto akimbie na mtoto kwenda Misri, habari ambayo mkimbizi yeyote anaielewa haraka. Lakini Mhubiri anasema pia kwamba ndoto zinatokana na shughuli nyingi, na Yeremia anawakemea manabii wanaotembeza ndoto zao kama neno la Mungu. Kwa hiyo hata ndani ya Biblia, ndoto inapimwa.

Kwa Waislamu, kama wale wa Kasongo na Maniema yote, mafundisho ya Mtume yanatenganisha ndoto za namna tatu: habari njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anajiambia mwenyewe. Anayeota vibaya anaomba kinga, anatema kidogo upande wa kushoto mara tatu, anageuka ubavu mwingine, na hamsimulii mtu. Je, hilo linamkataza kwenda hopitali? Kumwambia muuguzi "silali, naamka na hofu" ni kueleza ugonjwa, si kutafuta tafsiri. Anaweza kutunzwa bila kusimulia alichokiona.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu, kuuliza kama kuko msaidizi wa kisaikolojia. Mara nyingi yuko, ila watu hawaulizi. Bukavu, hopitali ya Panzi iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege inaunganisha matunzo ya mwili na ya roho kwa waliobakwa, na Sosame inashughulikia magonjwa ya akili. Goma kuko Tulizo Letu kwa kazi hiyohiyo. Kwa ubakaji wa karibuni, mgonjwa afike mbele ya saa 72 kupita, juu ya dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.

Na anayepokea ndoto ya mwenzake asubuhi, awe mama mkwe, mchungaji au jirani, anaweza kuanza na maswali haya mbele ya kutafuta maana: ni mara ngapi inarudi, unalala saa ngapi, unakula, unawaza kujiua? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, asindikizwe hopitali siku ileile.