Mtoki na Seli Zinazovuta

Kuanzia mwaka 1980, tauni iliiandama wilaya ya Lushoto, Tanzania, kwa zaidi ya miaka 20, na watu zaidi ya 7,000 waliugua. Dalili zake zilifahamika: homa kali na mtoki, uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni. Kiroboto aliyetoka kwa panya akimng'ata mtu mguuni, bakteria husafiri kwa mishipa ya limfu hadi kwenye tezi iliyo karibu. Ndiyo maana mtoki hutokea zaidi kinenani.

Humo tezini ndimo kinga inamofanya kazi yake ngumu kuliko zote. Seli zilizokusanya mabaki ya vijidudu huyatandaza juu ya utando wao kwa vipande vidogo vya protini. Seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T, hupita zikivipapasa kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba vingi ni vya mwili wenyewe, vya kigeni ni vichache mno, na tofauti yao huenda ikawa ndogo sana. Seli T ikikosea, ama adui anapita, ama mwili unashambuliwa na walinzi wake.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa siri yote iko katika umbo: kipokezi cha seli kikioana na kipande, seli inaamka. Lakini seli T haikai kimya ikisubiri. Hukishika kipande na kukivuta.

Mwaka 2014, maabara ya Cheng Zhu huko Atlanta, Marekani, ilichapisha vipimo vya mvuto huo. Watafiti walifyonza chembe nyekundu moja ya damu kwenye ncha ya bomba jembamba la kioo, wakaibandikia ushanga mdogo uliobeba kipande cha protini. Seli T ya panya iligusishwa ushanga huo, kisha ikarudishwa nyuma. Chembe ile, kwa kuwa inanyumbuka, ikawa springi ya mizani, na kamera ikafuatilia ushanga. Nguvu iliyohusika ilikuwa kama pikonyutoni 10, yaani sehemu moja kati ya bilioni 100 ya uzito wa tunda la gramu 100.

Vipande dhaifu viliachia upesi vilipovutwa. Vile vinavyoamsha kinga vilishikilia zaidi, kama kitanzi cha kamba ya mbuzi: kadiri anavyovuta ndivyo kinavyokaza.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walipima molekuli hizo nje ya seli na hawakuona kukaza huko, kwa hiyo huenda seli nzima inahitajika.

Hata hivyo, watafiti wa tiba wameshaanza kulifuata wazo hili. Mwaka 2013 iliripotiwa kuwa wagonjwa wawili wa saratani walikufa baada ya kupewa seli T zenye vipokezi vilivyoongezewa unato: zilishambulia protini ya moyo iliyofanana na shabaha. Mwaka 2022, maabara ya Christopher Garcia katika Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha njia nyingine, ya kuunda vipokezi visivyonata sana lakini vinavyokaza vikivutwa. Katika majaribio ya maabara, vilitambua saratani bila kuigusa protini ile ya moyo.