Tausi, Jogoo na Majivuno: Mbinu Inayowachanganya Watahiniwa

Kiingereza kina kitenzi kilichotokana moja kwa moja na jina la tausi: 'to peacock', yaani kujionyesha. Kihispania nacho kina 'pavonearse', kutokana na ndege huyohuyo. Ukijaribu hivyo kwa Kiswahili, ukaandika kwamba mhusika "anatausi" mbele ya wenzake, mtahini atalipigia neno hilo mstari mwekundu.

Kiswahili kina njia zake. Tashbihi unaijua: "anaringa kama tausi". Ukiondoa 'kama' ukasema "yeye ni tausi", umepata sitiari. Unaweza pia kutumia kiambishi ki-: "alipita kitausi", kama vile tunavyosema mtu amekariri kikasuku. Hicho ni kielezi cha namna, si kitenzi.

Iko njia nyingine, na hapa ndipo wengi hupoteza alama. Badala ya kuchukua jina la mnyama, Kiswahili huchukua tendo lake na kumpa mtu. Soma sentensi hii: "Tangu apewe uchifu, anawika kijiji kizima." Jogoo hakutajwa, lakini yumo. Mwanafunzi huona sifa ya ndege kwa mtu, akakimbilia kuandika 'tashihisi'. Sivyo. Tashihisi hukipa kisicho binadamu sifa za binadamu, mfano "upepo ulicheka". Hapa mambo yamegeuka: binadamu ndiye aliyepewa sifa ya ndege. Hiyo ni sitiari.

Kisha jiulize kwa nini mwandishi ameteua tendo hilo na si jingine. Kuwika kunaweza kuwa sifa, kwani mwanariadha aliyewika ni aliyevuma. Chifu akinguruma, anatisha. Akibweka, anapiga kelele tu, na mwandishi amekwisha kumdharau.

Jihadhari na tausi pia. Katika mashairi ya mapenzi ya Kiswahili, tausi ni mpenzi mzuri wa kutazamwa, wala si mtu wa majivuno. (Ajabu ni kwamba mwenye mkia ule wa fahari ni dume, jike ana rangi hafifu. Watunzi hawakujali.) Kwa hiyo mume akimwita mkewe "tausi wangu", usiandike kwamba mke ana maringo. Mke mwenza akisema "huyo tausi wenu", hapo hali ni nyingine. Tazama msemaji ni nani na anamsemea nani.

Swali likikutaka ubainishe mbinu katika sentensi ya chifu, usiishie kwenye jina la mbinu. Andika hivi: "Sitiari – anawika kijiji kizima. Chifu amelinganishwa moja kwa moja na jogoo ili kuonyesha anavyojigamba kwa cheo alichopewa."