Fahamu: Ukiwa kazini Goma, serikali inakusaidia nini kulea mtoto?

Mama anayechuuza samaki katika soko la Kituku humwachia mtoto bibi yake, au dada mkubwa ambaye siku hiyo hatakwenda shule. Serikali ya Kongo haina mpango wa kumrudishia mzazi pesa ya yaya. Kilicho karibu zaidi ni posho ya familia.

Posho hiyo inaongozwa na sheria ya hifadhi ya jamii ya Julai 2016, na inasimamiwa na CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii uliorithi INSS. Mwajiri anachangia asilimia 6.5 ya mshahara kwa ajili ya familia peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu hapo, makato yake ya asilimia 5 ni ya pensheni. Kwa hiyo swali la kwanza si fomu gani ujaze. Muulize bosi: umeniandikisha CNSS? Wengi hawajaandikishwa, na hapo ndipo haki hupotelea. Cheti cha kuzaliwa nacho kinatakiwa: andikisha mtoto ndani ya siku 90.

Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama wiki 14 za uzazi kwa theluthi mbili za mshahara, na akirudi kazini, nusu saa mara mbili kila siku ili anyonyeshe. (Nusu saa, kwa anayekaa mbali na ofisi, ni mzaha.)

Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025 na benki kufunga milango, hata kuupata mshahara wenyewe kumekuwa safari. Na muuza samaki? Hana mwajiri, hivyo posho ya familia haimhusu.