Mkono wa Tabibu na Bandama ya Mwanafunzi

Wasomaji wa mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hata Kilwa ya upande wa Kongo, hawaachi kuuliza kwa nini mtoto achezaye, alaye na asiye na homa achomwe kidole shuleni apimwe malaria.

Suala hili la kuwapima watoto wasioonekana wagonjwa lina umri mkubwa. Uingereza, iliyofadhaishwa na wingi wa vijana waliokataliwa jeshini wakati wa Vita vya Makaburu, ilipitisha sheria mwaka 1907 kwamba wanafunzi wa shule za msingi wakaguliwe na madaktari. Ama katika nchi za joto, tabibu aliyetaka kujua hali ya mji mzima aliwapapasa watoto chini ya mbavu za kushoto, akahesabu bandama zilizovimba, njia aliyoitumia tabibu Dempster huko Bara Hindi tangu mwaka 1847. Mkutano wa malaria wa Kampala, mwaka 1950, uliifanya hesabu hiyo kuwa mizani: pale ambapo watoto zaidi ya 75 katika kila 100 wenye umri wa miaka 2 hadi 9 wana bandama kubwa, na watu wazima wachache tu wanayo, maradhi yametamalaki daima.

Bandama huvimba kwa kazi. Ndani yake damu hulazimika kupenya katika nyufa nyembamba kuliko chembe nyekundu yenyewe; chembe yenye afya hujikunja ikapita, lakini iliyoingiliwa na kimelea hukakamaa kama ngozi iliyokauka juani, hunaswa, kisha huliwa na seli walinzi. Ajabu zaidi, mgonjwa akitibiwa kwa dawa ya artesunate, bandama huweza kukinyofoa kimelea kilichokufa na kuirudisha chembe katika mzunguko wa damu ikiwa hai! Mtoto aambukizwaye mara kwa mara hupata kinga ya kuizuia homa kabla ya kinga ya kuvimaliza vimelea. Ndiyo maana mwanafunzi mzima wa afya huwa ghala ambamo mbu hujichukulia vimelea na kuvipeleka kwa mdogo wake.

Walakini bado twaambiwa kwamba malaria huletwa na maembe mabichi au kunyeshewa mvua, na wapo walaghai wanaomchanja mtoto tumbo kwa wembe, au kumkanda, eti kuishusha bandama. Bandama iliyovimba ikikandwa huweza kupasuka, na mtoto akafa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Kuwaita watu hao waganga ni kuwadhulumu waganga.

Na mkono wa tabibu pekee hautoshi, kwani kichocho cha tumbo, kilichoenea kando ya ziwa, nacho huivimbisha bandama. Basi mtoto na apimwe damu, akikutwa na vimelea amalize dozi, na alale ndani ya chandarua kila usiku, kwa kuwa Anopheles funestus, mbu mkuu wa Nchelenge, aghalabu huuma ndani ya nyumba usiku wa manane. Na wapulizaji wa dawa ya kuua mbu wakibisha hodi, wafunguliwe mlango.