Chai ya Moto na Saratani ya Umio

Wagonjwa wa saratani ya umio husimulia mwanzo wa maradhi yao kwa namna inayofanana. Kwanza ni tonge la ugali au kipande cha nyama kinachokwama kifuani. Mgonjwa hunywa maji, kikashuka, naye akasahau. Miezi inapopita, wali nao hukwama, kisha uji, na hatimaye hata maji huwa taabu kumeza. Wengi hufika hospitalini wakiwa katika hatua hiyo, wamekonda, na tabibu hubaki na machache ya kufanya zaidi ya kuweka mrija wa kupitishia chakula na kutuliza maumivu. Kwa ugonjwa wa namna hii, swali la nini kinausababisha lina uzito kuliko swali la dawa gani iutibu.

Saratani hii haikuenea sawasawa duniani. Upo ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Afrika ya Mashariki na Malawi hadi Afrika Kusini. Upo mwingine unaotoka kaskazini mwa Iran kupitia Asia ya Kati hadi China. Ulaya, aina ya saratani inayoanzia katika seli bapa za utando wa umio huelezwa kwa sehemu kubwa na sigara na pombe. Maelezo hayo hayatoshi katika jimbo la Golestan, Iran. Huko wavutaji ni wachache na wanywaji pombe ni haba, ilhali saratani ya umio ni miongoni mwa zilizokithiri. Kinachonywewa kwa wingi ni chai nyeusi, tena ya moto.

Mwaka 2009 watafiti wa Golestan walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 300 na watu 571 wasio na saratani hiyo. Waliosema hunywa chai ya moto sana walikuwa na uwezekano wa kuugua uliokaribia mara nane ya ule wa wanaokunywa chai ya uvuguvugu. Tofauti ilionekana pia katika kusubiri: wanaokunywa kabla ya dakika mbili kupita tangu chai kumiminwa walikuwa katika hatari kubwa kuliko wanaongoja dakika nne au zaidi.

Hata hivyo, msomaji makini atauliza: je, mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba anaugua umio hatakumbuka chai yake kuwa ya moto kuliko ilivyokuwa? Pingamizi hilo ni la haki, na namna lilivyojibiwa inastahili kuelezwa. Kati ya mwaka 2004 na 2008 waliandikishwa watu wazima wapatao 50,000 wa jimbo hilo, wakati walipokuwa hawajaugua. Mbele ya kila mmoja vilimiminwa vikombe viwili vya chai kwa pamoja, kimoja kikatiwa kipimajoto. Joto liliposhuka hadi nyuzi 75 za Sentigredi, mshiriki aliombwa aonje kile cha pili na kusema kama ndivyo anavyokunywa siku zote. Akikataa, walisubiri ishuke hadi 70, akaonja tena, na kuendelea hivyo hadi aseme ndiyo. Kumbukumbu haikuhitajika tena.

Matokeo yalitolewa mwaka 2019, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka kumi, ambapo watu 317 walikuwa wamepatwa na saratani ya umio. Waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, yaani kiasi cha vikombe vitatu, kwa joto la nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya waliokunywa kidogo na isiyo ya moto hivyo. Ni ongezeko kubwa, ingawa ni dogo mno kuliko mara nane ya awali. Tena ni ongezeko la hatari ambayo kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa ndogo.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilikwisha kutoa uamuzi wake mwaka 2016: vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani. Neno “huenda” halikuwekwa kwa adabu tu. Ushahidi kwa binadamu ulihesabiwa kuwa na mipaka. Katika kikao hichohicho, kahawa yenyewe iliondolewa katika orodha ya washukiwa. Kinachoshukiwa ni moto, si majani wala buni. Inadhaniwa kwamba utando unaounguzwa kila siku hulazimika kujitengeneza upya mara kwa mara, na katika kugawanyika huko kwa seli makosa huzidi.

Na sisi je? Wakazi wa Kilimanjaro walipopimiwa chai yao, ilionekana wanaanza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi zipatazo 70, na wanaokunywa ya maziwa huinywa ikiwa ya moto zaidi. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliofanyika Eldoret nao ulihusisha vinywaji vya moto sana na saratani hii.

Kwetu kumpa mgeni chai iliyopoa ni kama kumfukuza, na chupa ya chai huhakikisha kikombe cha tatu kinaunguza kama cha kwanza. Hata hivyo wazee wetu wengi walikuwa na desturi ya kumimina chai katika kisahani, wakaipuliza, wakainywa humo polepole, nasi vijana tukawacheka.