Shaba Iliyojificha Nyweleni

Mchimbaji wa Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, hahitaji maabara ili kuijua shaba: akivunja jiwe akakuta kijani cha malakiti, ameshapata jibu. Kijani cha namna hiyo hujitokeza pia kwenye nywele zilizopaushwa zikawa za dhahabu, kisha zikaoshwa mara kwa mara kwa maji yenye shaba. Wengi hukiona kama kasoro ya urembo tu, lakini ni ushahidi kwamba madini yameingia nyweleni, na katika nywele nyeusi huwamo vilevile bila kuonekana. Ndiyo maana katika mji uliojengwa juu ya shaba, anayetaka kupausha nywele nyumbani aanze kwa kutoa madini, ndipo afikirie bulichi gani anunue.

Weusi wa nywele ni melanini iliyofungiwa ndani ya unywele. Bulichi ya dukani huchanganya unga na maji ya peroksaidi ya hidrojeni: chupa yenye namba 20 ina asilimia 6, yenye 30 ina asilimia 9, na yenye 40 ina asilimia 12. Mchanganyiko huo hufumua magamba ya unywele, peroksaidi ikapenya na kuivunjavunja melanini. Nywele nyeusi huwa nyekundu, zikawa za chungwa, ndipo zikafika manjano. Aliyesoma kemia anakumbuka unga mweusi wa dioksidi ya manganizi, madini ya Kisenge humuhumu Lualaba: ukiutia kwenye peroksaidi, povu hufoka, na unga wenyewe haupungui. Shaba nayo huchochea peroksaidi, tena kwa njia mbaya zaidi, kwa kuwa huzaa radikali za haidroksili. Hizo hazichagui. Hula protini inayoushikilia unywele pamoja na melanini.

Mtu atasema: shaba ya kwenye maji ni kidogo mno, na maji yenyewe twayanywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji ya kunywa, lakini kikomo hicho hulinda mwili wa mnywaji. Nywele hazina figo wala ini. Hukusanya kila zioshwapo. Tena kichocheo hakiishi kinapofanya kazi, kwa hiyo kidogo hutosha. Lililo baya zaidi ni kwamba bulichi huacha ndani ya unywele sehemu zenye chaji hasi, nazo huvuta shaba yenye chaji chanya. Anayerudia kupausha baada ya miezi miwili hukuta shaba nyingi kuliko mara ya kwanza. Hata jua hushiriki: mwaka 2014, mtafiti Jennifer Marsh na wenzake walionyesha kwamba shaba ndani ya unywele huzidisha uharibifu wa miale ya jua, na Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari.

Mwingine atauliza kama kweli madini ya Kolwezi huwafikia watu wasioshuka shimoni. Hilo limejibiwa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao tangu 2014 watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walichapisha mwaka 2018 kwamba wakazi wa hapo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa wa kulinganisha, watoto wakizidi. Mkojo si unywele, ni kweli. Lakini mahali ambapo madini hufika hadi kwenye damu ya mtoto, ni vigumu kuamini kwamba vichwa vimesalimika.

Wapo wanaosema tatizo ni ukali wa dawa na udhaifu wa nywele za kipilipili kwenye mikunjo yake. Wana haki, na nywele zilizokwisha kutiwa dawa ya kunyoosha zisiguswe kabisa na bulichi. Ila udhaifu huo ni sababu ya kuogopa shaba zaidi. Osha kwanza kwa shampuu yenye EDTA au asidi ya sitriki, ambazo hunasa madini, na usuuze kwa maji ya mvua, paa likishasafishwa na mvua za kwanza. Chukua nywele chache zilizobaki kwenye kitana, uzitie ndani ya kikombe cha plastiki chenye bulichi ya namba 20. Zikitoa povu na joto, acha. Zikitulia, zioshe baada ya nusu saa kisha uzivute: zikirefuka kama mpira au zikikatika, acha pia. Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kilichokatika kwa nusu saa huchukua miaka kurudi.